Sauti ya Boti ya Moba

Banza aliondoka siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, na mpaka leo hajarudi wala hajapatikana.

Asubuhi ile Rachelle, msomaji wa matangazo, alikuwa amelala na malaria, na Papa Floribert, mkurugenzi wa redio, alikuwa hajafika. Tangazo la boti ya Moba lilitakiwa kusikika saa kumi na mbili na nusu. Banza hakuwa msomaji. Alikuwa fundi, mtu wa nyaya na mashine, na katika miaka minane ya kazi sauti yake haikuwahi kupita hewani. Akaketi mbele ya mikro akajirekodi mwenyewe: boti inaondoka leo saa tatu, abiria wafike mapema, wenye mizigo mizito wapakie kwanza. Sekunde arobaini tu. Naye mwenyewe alikuwa abiria wa boti hiyo, kwa maana antena ya Moba ilikuwa imenyamaza wiki mbili na ilimngoja yeye.

Nyumbani kwao, mtaa wa Kataki mjini Kalemie, mkewe Bertille alilisikia tangazo hilo akichemsha chai, akacheka peke yake. Banza alipopita kuchukua mfuko wa vyombo vyake, alimkuta bado anacheka.

"Umesoma kama mutoto aliyeitwa ubaoni," Bertille alimwambia.

"Lakini nimesoma. Rachelle akipona atakuta kiti chake iko na mwenyewe."

Akanywa chai akiwa amesimama, akaenda. Mchana upepo wa ziwa uligeuka, boti ikazama. Jioni waliookolewa walihesabiwa gatini, na Banza hakuwa mmoja wao.

Kesho yake Bertille alikuwa palepale gatini, amekaa juu ya gunia la mtu, watu wengine wengi wakiwa na redio zao ndogo sikioni. Ilipofika saa sita na nusu aliona wanawake wanamgeukia mmoja baada ya mwingine, kisha wanatazama chini. Hakujua kwa nini. Baadaye ndipo aliambiwa: mashine ilikuwa imeagizwa kurudia tangazo la boti wiki nzima, ikarudia, kwa sauti ya Banza. Abiria wafike mapema. Papa Floribert alikimbia kutoka ofisini kwake mpaka studio, akalifuta tangazo lile kwa mkono wake, na hakuna aliyemlaumu.

Miili kumi na moja ilirudishwa na ziwa. Wa Banza haukurudi. Mama Générose, mama yake Banza, alikataa matanga yaondolewe. Mikeka ilibaki uani, na yeye juu yake.

"Mutaondoa matanga ya nani?" aliwauliza wazee wa familia. "Mumemuona? Mumemushika? Nileteeni kitu chake kimoja niagane nacho, njo mutakunja mikeka."

Walimletea koti lake. Akasema koti ni la dukani. Mwisho walikubaliana kungoja siku ya arobaini.

Wiki ya tatu Bertille alirudi kazini, redioni kulekule. Kazi yake ilikuwa kupokea komunike: watu wanakuja na habari za msiba, yeye anaziandika vizuri, Rachelle anazisoma, na sauti inaingia kwenye mashine ya chumba cha nyuma. Mjini Kalemie hata mtu akisoma kwa mdomo anasikika. Lakini antena za mbali, ya Kabimba na ya Nyunzu, hazisikii mdomo wa mtu. Huchukua sauti kutoka kwenye mashine ile, saa sita na nusu kila siku. Programu ya kazi hiyo Banza aliiandika mwenyewe, na alipenda kuisifu.

Siku ya ishirini na moja programu ilianza kukwama. Komunike mbili zilipotea kabla ya kufika Nyunzu. Papa Floribert alimpigia simu Ruphin, aliyesoma ufundi pamoja na Banza na sasa anafanya kazi Lubumbashi. Ruphin aliingia kwenye mashine kutoka hukohuko kwa njia ya intaneti ya simu ya Papa Floribert, akapekua muda mrefu, kisha akacheka kidogo, cheko la mtu anayemkuta rafiki yake mahali asipomtegemea.

"Mama Bertille, bwana yako alikuwa mujanja na muvivu pamoja. Unajua matanga? Kila mgeni anapewa kiti. Akienda, anarudisha kiti. Sasa hii programu yake, kila sauti inayofungua inakaa kwenye kiti na hairudishi. Inacheza, inaisha, kiti kinabaki na koti juu yake. Na mashine iko na hesabu ya viti. Ikifika kikomo, haifungui faili ingine, hata moja."

"Na yeye alikuwa anafanya je?"

"Naona hapa. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni alikuwa anaizima programu, viti vyote vinarudi, anaiwasha tena. Ilipoanza kujaa mbele ya Jumamosi, hakutafuta kosa. Alipandisha kikomo. Kikajaa, akapandisha tena. Sasa kikomo cha programu ni sawasawa na cha mashine nzima. Hakujiachia hata kiti chake mwenyewe."

Bertille alikumbuka zile Jumamosi. Banza alikuwa akitoka nyumbani saa kumi na nusu, hata mvua inyeshe, akisema anakwenda kuifunga mashine kitambaa cha kichwa. Yeye alidhani ni sababu ya kupita kwa rafiki zake kunywa moja.

"Tangu aende hakuna muntu aliyeizima," Ruphin aliendelea. "Njo maana. Nitaizima sasa... Ngoja. Ngoja kwanza. Kuna faili zingine hapa zimefutwa, lakini programu bado imezikalia."

"Maana yake nini?"

"Jina limefutwa mlangoni, lakini mwenyewe bado iko ndani, kwenye kiti. Programu ikizimwa, anasimama, na hana pa kurudi. Ziko tisa. Nakutumia majina, uangalie kama munazihitaji."

Majina yalifika kwenye simu ya Papa Floribert, na Papa Floribert akamsogezea Bertille simu. Mstari wa sita ulikuwa boti ya Moba, Jumanne.

Bertille aliusoma mara nyingi. Hakuwa na sauti nyingine ya Banza. Simu yake ilikuwa ya vibonye. Na watu wanaolala nyumba moja wanatumiana sauti za nini?

"Papa Ruphin," alisema, "ile ya sita usiizime. Unaweza kuitoa?"

"Naitoa. Ni kuinakili tu, ni kitu ya dakika mo..."

Hapo mtandao ukakatika. Haukukatika kwa Papa Floribert tu. Ulikatika mji mzima, simu na intaneti, na siku ile haukurudi.

Jioni Bertille alikaa mkekani karibu na mama mkwe wake akamweleza, taratibu, mambo ya viti na majina ya mlangoni. Mama Générose alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Anasema nini mule ndani?"

"Anaita batu kwenye boti, mama."

Mama Générose alifumbua macho.

"Hata kama," alisema. "Siku ya arobaini muiweke hapa uani. Nikishaisikia, nitasimama mwenyewe nikunje mikeka."

Bertille akamwahidi.

Kesho yake Papa Floribert alitaka programu izimwe na kuwashwa, kama Banza alivyokuwa akifanya. Bertille alimwomba angoje mtandao. Siku ya pili akamwomba tena. Katika miaka yake yote redioni hakuwahi kuomba kitu, na Papa Floribert hakuwa na moyo wa kumkatalia. Kwa hiyo mashine iliachwa iendelee, na kila komunike iliyopita ilichukua kiti chake ikabaki nacho.

Mtandao ulirudi mjini Jumamosi asubuhi. Ruphin akapiga simu saa nne.

"Sifunguliwi," alisema. Safari hii hakucheka. "Nabisha, mashine inaitika, lakini haiwezi kunipa mahali pa kukanyaga. Imejaa mpaka mwisho. Hata mimi kuingia ni faili kadhaa, na haina hata moja ya kunipa. Neno la siri la mwenye mashine munalo?"

"Alikuwa nalo yeye."

"Basi kwa mlango siwezi. Inabaki kile kifungo cha mbele. Unakibonyeza, unakishika mpaka taa izimike, unahesabu mpaka kumi, unaiwasha. Itaamka tupu."

"Na ile ya sita?"

"Mama, singependa kukudanganya. Mimi ningekuwa na ndege ningekuja. Mukiweza kungoja, kuna muntu ninayemujua, anafika Kalemie siku kumi na mbili kutoka leo. Anaweza kujaribu kupita kwingine. Hata yeye, siahidi."

Siku kumi na mbili. Leo ilikuwa ya ishirini na sita. Bertille alihesabu: ingekuwa ya thelathini na nane. Arobaini ilikuwa bado mbele. Alitoka chumba cha nyuma na hesabu hiyo kichwani, na pale kwenye dirisha lake la kupokelea watu alimkuta mzee amekaa kwenye benchi, kofia magotini.

Aliitwa Papa Mbuyu. Mama yake alikuwa amefariki Alhamisi. Alikuwa ameandika komunike yake mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko mzuri wa zamani.

"Mazishi ni kesho asubuhi, mama. Hatuwezi kupeleka mbele, amekwisha kungoja siku mbili na hii joto. Wote wamefika, isipokuwa dada yetu wa mwisho, Lucie. Anapikia wafanyakazi wa mawe kule Kabimba. Simu ya Kabimba bado haipiti. Nilituma motari na pikipiki yake alfajiri, amerudi, mvua imekata daraja. Inabaki redio. Pale jikoni kwake redio haizimwi."

"Na akisikia, atapita wapi, kama daraja limekatika?"

"Boti inatoka Kabimba saa nane. Akisikia saa sita na nusu, anaiwahi."

Bertille aliitazama karatasi. Mstari wa mwisho uliandikwa: Lucie apande boti ya leo, asikose.

"Ziwa leo limetulia," Papa Mbuyu alisema, kana kwamba ameulizwa. Pengine alijua Bertille ni nani. Kalemie nzima ilijua. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Yeye njo alikuwa mutoto wake wa kubeba. Anamuona uso tu, inatosha. Bila hivyo atatusumbua maisha yote, Lucie ninamujua, atakuwa anatuuliza kila siku kama kweli ni mama tuliyemufunika."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika arobaini. Papa Floribert alikuwa amesimama mlangoni mwa studio, amesikia yote. Alijua kuhusu kifungo.

"Tunaweza kuisoma kwa mdomo," alisema.

"Kabimba hawasikii mdomo, Papa."

"Ninajua. Ninasema tu." Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa. "Mama Bertille, mimi nilishafuta mara moja. Mara ya pili siwezi. Na kukuzuia pia siwezi."

Bertille alichukua karatasi akampelekea Rachelle, akamwambia ajiandae. Kisha akaingia chumba cha nyuma akafunga mlango.

Mashine ya Banza ilikuwa sanduku jeusi juu ya meza ya mbao, feni yake ikilia kama mtu anayepumua usingizini. Juu yake kulikuwa na vumbi la wiki nne na kikombe cha plastiki alichokuwa akiwekea skrubu. Bertille aliweka kiganja juu ya sanduku. Lilikuwa na joto. Alisogeza sikio karibu, akijua kabisa kwamba hakuna cha kusikia, kwamba sekunde arobaini zile hazina mdomo huko ndani. Alijaribu kuzikumbuka mwenyewe. Boti inaondoka leo. Aliyakumbuka maneno yote. Mahali Banza alipokosea, akavuta pumzi akarudia neno, alipakumbuka pia. Lakini sauti, ile sauti yenyewe, ilikuwa imeanza kuwa kama ya mtu mwingine.

Akakibonyeza kifungo, akakishika.

Feni ilipunguza mwendo, ikanyamaza. Taa ikazimika. Akahesabu mpaka kumi kama Ruphin alivyosema, na alipofika kumi akaendelea mpaka arobaini. Kisha akaiwasha.

Ilichukua dakika saba kuamka. Komunike ya Papa Mbuyu iliingia saa sita na dakika ishirini na moja, ikapita saa sita na nusu Kalemie, Kabimba na Nyunzu. Papa Mbuyu aliisikiliza mpaka mwisho palepale kwenye benchi, akavaa kofia, akasema asante mama, akaenda gatini kungoja.

Bertille pia alikwenda gatini alipomaliza kazi, akasimama mbali. Boti ya Kabimba ilifika giza likianza. Mwanamke mnene mwenye aproni ya jikoni bado kiunoni alishuka akilia, na Papa Mbuyu akampokea.

Nyumbani alimwambia mama mkwe wake habari ya kifungo kabla hajavua viatu. Mama Générose alisikiliza habari ya Lucie yote, hata ile ya aproni.

"Alimuona mama yake?"

"Atamuona. Kesho kabla ya kufunga jeneza."

Mama Générose akajilaza tena mkekani. Siku ya arobaini ilipofika, wazee walikuja, wakala, wakaondoka. Mikeka iko uani bado.

Ruphin aliingia kwenye mashine wiki iliyofuata, akatengeneza kikomo, akaiachia mashine nafasi yake. Kosa lenyewe, lile la programu kutorudisha viti, alisema angeweza kuliondoa pia, ingawa ingebidi aandike upya sehemu kubwa ya kazi ya Banza. Bertille akamwambia aache.

Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, Bertille anaizima programu na kuiwasha tena. Inachukua dakika mbili.