Neno Likishapanda

Baba yangu alikuwa fundi bomba, na mtambo wa mawasiliano wa chuo nilikofanya kazi aliuelewa kwa namna yake. Nilipomweleza kwamba sauti inatoka kwetu, inapanda hadi kwenye setilaiti, ndipo ishuke chuo cha pili, aliitikia kwa kichwa. "Sasa ikichelewa mnashangaa nini? Si inapanda kwanza?"

Kuelewa alielewa, ila kusubiri hakuweza. Kila Jumatatu, masomo ya pamoja ya vyuo yakiisha, wakuu wa chuo walituachia dakika chache za salamu. Baba alikuja na shati lake la pasi kumwona mdogo wangu Tinda, kitindamimba wetu, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu, ile ya kuitwa daktari, katika chuo cha mbali, huko ambako simu zilikuwa za kubahatisha. Aliikaribia kamera mpaka ikabaki pua tu, akapaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya mto, wala hakungoja jibu. Tinda akijibu hili, yeye yuko kwenye lile. Wakaishia kucheka wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Mimi niliyeendesha mitambo nilikasirika kila wiki. Leo ningetoa chochote nikasirike tena.

Baba alianguka kazini, bafuni mwa mteja, akakata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Zilikuwa zimebaki wiki mbili Tinda atetee tasnifu yake.

Baba mdogo alituita sebuleni akatoa kauli. Mtoto asiambiwe. Akiambiwa atapanda gari, njia ni ndefu, mazishi hatayawahi, na mtihani ataukosa.

"Ni baba yake kama alivyo wetu," nilisema.

"Na jasho la baba yake lipotee bure? Wewe unataka nini, alie au afaulu?"

Nikamtazama mama. Hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Wakubwa wakakata shauri, na mzigo nikatwishwa mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mtambo.

Basi Jumatatu mbili nilikaa mbele ya kamera nikampaka mdogo wangu mafuta kwa mgongo wa chupa. Baba kabanwa na kazi. Baba anakusalimu. Ofisini walijua wote. Niliwaomba mmoja mmoja wafunge midomo, na kweli walifunga. Kituo cha kwa Tinda nacho nilikiomba kisibandike tangazo la msiba, lile ambalo ofisi husambaza vyuo vyote vya mtandao.

Siku ya utetezi, ambao jopo lake lilikaa kwetu na Tinda akijibu kwa mtambo, tulishusha mapazia, tukapanga viti vya maprofesa. Mtahini wa nje alichelewa, akaingia mbiombio kutoka uwanja wa ndege na kupelekwa moja kwa moja kitini. Alikuwa mzee mpole, kutoka chuo cha tatu katika mtandao wetu, na kule tangazo la msiba lilikuwa limebandikwa ukutani kama kawaida, na jina la Tinda miongoni mwa wafiwa. Sikupata hata nafasi ya kumnong'oneza. Tinda akatokea kwenye skrini, nywele kazisuka upya, karatasi mbele yake. Mwenyekiti akamkaribisha mgeni aanze.

Mtu mwenye adabu zake haanzi kazi bila kutoa pole. "Binti yangu," akasema, "kabla ya yote, pole sana kwa kufiwa na baba."

Nilizima sauti. Nilizima upesi, lakini neno lilikuwa limeshapanda. Kwenye skrini Tinda alikuwa bado anatabasamu, ananyoosha karatasi zake, anangoja swali la kwanza. Ulikuwa muda mfupi tu, ule ule uliokuwa ukimshinda baba. Katika muda huo chumba kizima tulijua, na yeye alikuwa bado na baba. Nilitamani umeme ukatike. Nilitamani setilaiti yenyewe ianguke. Kisha tabasamu likamtoka.

Nikarudisha sauti. Ningefanya nini kingine?

"Kaka yuko wapi?" akauliza. "Mwambieni akae nimwone."

Nikakaa. Maprofesa waliinamia meza.

"Lini?"

"Wiki mbili sasa."

"Mmeshamzika?"

"Tumemzika."

Picha ikaganda. Sikujua kama ni mtambo au ni yeye.

"Jumatatu moja nilikutuma umwambie apunguze kazi, nikirudi nitamtunza mimi. Jumatatu iliyofuata ukasema amefurahi."

"Tinda, mdogo wangu..."

"Amefurahi, ndivyo ulivyosema."

Mwenyekiti akakohoa. Akasema kwa upole kwamba chuo huahirisha utetezi kwa ajili ya msiba, ni jambo la kawaida, tarehe nyingine ingepatikana bila shida yoyote. Pale nyumbani, katika watu wote tuliojaa sebuleni, hakuna hata mmoja aliyewaza kwenda kuuliza.

"Hapana, Profesa," Tinda akasema. "Baba amezikwa bila mimi ili nifanye mtihani huu. Niulizeni."

Wakamwuliza. Alijibu kila swali kwa sauti kavu, bila kukosea, machozi yakimtiririka na yeye hayafuti. Walipomtangaza daktari, vyuo vyote vilivyokuwa hewani vilipiga makofi. Akawashukuru maprofesa, akamshukuru hata mgeni, ambaye sasa alikuwa amejiinamia asijue aweke wapi uso wake. Nikasogea nimwambie neno. Akazima upande wake.

Nyumbani, baba mdogo alikuwa ananingoja mlangoni.

"Amefaulu?"

"Amefaulu."

Akanishika bega, furaha imemjaa usoni. "Si nilikwambia?" akasema, kisha akaingia ndani kumpa mama habari njema.