Marehemu Si Jina la Mtu

Bi Mwanvita aliteremka kutoka Kinole na gari la alfajiri, akafika maktaba mjini kabla jua halijawa kali. Shida yake ilikuwa moja. Binti yake wa mwisho, Zuleha, alizaliwa miezi miwili baada ya baba yake kuzikwa. Hajapata kuisikia sauti yake. Na sauti ipo. Mwaka 2005 baba huyo, Halidi, alirekodiwa akieleza namna ya kubandua gome la mdalasini, na mwaka jana maktaba ikaiweka kanda ile mtandaoni. Zuleha, aliyeko chuoni Dodoma, ametafuta "Halidi" mpaka kachoka. Anaambiwa hakuna.

"Shikamoo mama," alisema Rahel, mkutubi, akimsogezea kiti.

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu mmempoteza."

Rahel alishtuka, mpaka alipoelezwa vizuri. Akaitoa kwenye faili ile fomu ya kanda, iliyojazwa baada ya mazishi. Bi Mwanvita aliutambua mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa za darasa la saba: *Jina la msemaji: Marehemu Halidi Yunusi.*

"Ahaa! Sisi tukanakili vilevile kwenye kadi ya maelezo ndani ya kompyuta. Tazama." Rahel akaandika *Marehemu*. Zikashuka kanda kumi na moja. "Kompyuta inaanza na neno la kwanza, inadhani ndilo jina. Kwa hiyo huyu Marehemu anabandua mdalasini, anasoma kaswida, anatangaza mpira, na hapa anafuga nyuki."

"Mtu wa kazi nyingi," alisema Bi Mwanvita, kicheko kikamponyoka.

"Tena kadi inasema alizungumza mwaka jana."

"Astaghfirullah! Yuko kaburini miaka kumi na tisa!"

"Wameandika siku ya kuiweka mtandaoni. Hilo kosa letu, narekebisha. Na jina je? Nifute Marehemu, libaki Halidi Yunusi?"

Kicheko kilikauka. Miaka yote hiyo Bi Mwanvita hajalitaja jina lile bila kulitanguliza Marehemu, si sokoni, si kwenye hitima. Kumwita hivi hivi, kama mtu aliyekwenda shamba na jioni atarudi, aliona ni kuikana kazi ya Mungu.

"Hapana, mwanangu. Nitaulizwa."

Rahel hakubishana. "Basi tuhakikishe kwanza kama ndiye." Akabonyeza.

Kwenye kanda jogoo aliwika, kisu kikakwaruza gome, kisha Halidi akasema kwa ukali wake wa utani: "We Mwanvita, hebu sogea huko, unamzibia mgeni mwanga!"

Bi Mwanvita akajikuta amesogeza kiti.

Akaikunja mikono juu ya khanga. "Kadi hii inaeleza habari za leo, au za siku ile?"

"Za siku ile, mama. Aliyesema, aliposema, mwaka aliosema."

"Siku ile alikuwa mzima. Andika Halidi Yunusi. Umarehemu wake nitausema mimi kwenye dua."

Rahel akaandika: Halidi Yunusi, Kinole, 2005. Chini yake, mahali pake, akaweka siku ya kuingizwa mtandaoni. Bi Mwanvita akapiga simu Dodoma.

"Tafuta tena, Zuleha. Halidi tu."

Kwenye simu akasikika jogoo yule yule akiwika. Halafu binti akasema, "Nimempata. Mama, kumbe sauti yake nyembamba hivi?"

"Ndivyo alivyokuwa," alisema Bi Mwanvita. "Sikiliza mpaka mwisho."