Mizani ya Ijumaa

Watu wa Mitunguu wakikuambia kwamba Cicily hachezewi kwenye mizani, waamini. Miaka tisa amesimama pale kwenye kituo cha kukusanyia ndizi, daftari kwapani, akipima mikungu ya watu, na hakuna mnunuzi aliyewahi kumpunja mkulima mbele ya macho yake. Kabla hujatundika mkungu wako kwenye ndoano, ataangalia kwanza kama mshale umelala kwenye sufuri. Usipolala atazungusha skrubu ndogo iliyo nyuma mpaka ulale, ndipo akuambie haya, weka. Hata mikungu ya mama yake mzazi aliipima hivyo hivyo.

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, hakuwa kituoni. Alikuwa ameketi katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya sekondari anakosoma bintiye, mikono mapajani. Binti mwenyewe, Winrose, wa kidato cha tatu, alikuwa kando yake, mguu wa kulia umefungwa plasta hadi gotini, magongo yameegemea ukuta. Ng'ambo ya meza walikuwa watatu: Bi. Gladwell, mwalimu mkuu. Bwana Njiru, afisa wa elimu aliyetumwa kutoka mjini kuja kusikiliza malalamiko. Na Mwalimu Kailemia, kocha wa riadha. Huyo Kailemia ndiye aliyelalamikiwa, lakini walimkalisha upande wa wenye meza na wakamwekea kikombe cha chai. Waliolalamika hawakupewa hata maji.

Na kwa nini asipewe chai? Miaka mitatu mfululizo wasichana wake walikuwa wamefika mashindano ya kitaifa. Kanisani wazazi walimwamkia yeye kabla ya kumwamkia mchungaji. Mtoto wako akichaguliwa na Kailemia ulitembea sokoni ukiwa umeinua shingo, na Cicily aliiinua yake kama wengine. Kila Ijumaa mwalimu alipita kituoni kwa pikipiki kuazima ile mizani ya kutundika, akisema ni ya mavuno ya shamba la shule. Cicily alimpa kwa mikono miwili. Angemnyima vipi mtu anayemfundishia mtoto kukimbia?

Bwana Njiru alivaa miwani, akasoma taarifa ya Winrose kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya viti. Kila Ijumaa, ilisema taarifa, mwalimu aliifunga mizani kwenye tawi la mti wa mukima nyuma ya jikoni. Wakimbiaji walishika ndoano kwa mikono miwili, wakakunja miguu, wakaning'inia, naye akasoma kilo zao mbele ya wenzao. Aliyeongezeka hata nusu kilo alikosa chakula cha mchana, akapanda mlima wa nyuma ya shule mbio, akashuka, akapanda tena, mpaka mwalimu atosheke. Winrose alianza kuumwa na muundi wa mguu wa kulia mwezi wa tano. Alipomwambia mwalimu, aliambiwa kwamba hayo si maumivu, ni mafuta yanalia. Tangu Februari hakuwa ameingia mwezini. Mwezi wa saba, katika mbio za mita elfu tatu huko Embu, mfupa ukakatika uwanjani zikiwa zimebaki raundi mbili. Daktari aliyemtibu alisema ulikuwa na ufa kwa wiki nyingi.

"Mwalimu, unasemaje?" Njiru akauliza.

Kailemia hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti mbele ya wakubwa.

"Huyu ni mtoto wangu kama ni wa Mama Winrose," alisema. "Ako na uchungu, ameumia na wenzake wanaenda nationals. Namuelewa. Lakini mimi sijawahi pima mwanafunzi. Ile mizani ni ya mahindi na kabichi. Waulizeni wenzake."

Wenzake walikuwa wameshaulizwa. Wasichana watano waliitwa mmoja mmoja, na wote watano hawakuwa wameona kitu. Kanana, rafiki wa Winrose tangu darasa la kwanza, alisema hajui mizani yoyote huku akitazama viatu vyake. Kanana alikuwa amebakisha siku kumi aende kukimbia mashindano ya kitaifa, na wakati akiulizwa kocha wake alikuwa amesimama nje ya dirisha.

"Sasa, Winrose," Njiru akasema, "kuna mtu mzima yeyote aliona haya mambo? Mtu mmoja tu?"

"Hakuna," akajibu Winrose.

Cicily alijua si kweli. Mtu alikuwepo. Ni yeye.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa sita. Lori la mnunuzi lilikuja mapema kuliko lilivyoahidi, mizani haipo, watu wamepanga mikungu yao wananung'unika. Cicily akapanda bodaboda, akaifuata mizani shuleni. Mlinzi alimwambia aende nyuma ya jikoni, huko ndiko mwalimu aliko. Alipozunguka ukuta aliwaona wasichana wamepanga mstari, na kwenye tawi, mtoto wake ananing'inia macho yamefumbwa.

"Arobaini na mbili," Kailemia alikuwa anasoma. "Haya, shuka. Huyu leo atakula."

Winrose akaachilia ndoano. Na hapo ndipo mama yake, Mungu amsamehe, alipoona kitu cha kwanza alichokiona. Hakuona mikono ya mtoto iliyobaki mifupa na ngozi. Hakuona jinsi alivyotua kwa mguu mmoja. Aliona mshale. Ndoano ilikuwa tupu, na mshale ulikuwa umesimama kilo moja chini ya sufuri.

"Mwalimu, ngoja kwanza," alisema. "Hiyo mizani inadanganya."

Akapita katikati ya wasichana, akazungusha skrubu, mshale ukalala mahali pake. Kisha akamgeukia bintiye kama anavyomgeukia mkulima yeyote, akamwambia, "Haya, shika tena."

Arobaini na tatu.

Kailemia alicheka kwa furaha kabisa. "Asante sana, Mama Winrose. Kumbe alikuwa ananiibia." Akaonyesha mlima kwa kidole, na Winrose akaondoka mbio bila kula na bila kumwangalia mama yake. Cicily akasubiri wengine wamalize, akafungua mizani yake, akapanda bodaboda. Njiani alijiambia kwamba wanariadha hulelewa hivyo, mwalimu ndiye anayejua. Na ukweli uchungu zaidi ni kwamba alirudi kazini ameridhika na nafsi yake.

Hilo Winrose hakuliandika. Taarifa yake aliiandikia hospitalini kule Embu, akisaidiwa na nesi mmoja, na Cicily alipopewa aisome alipitisha kidole mstari kwa mstari akitafuta jina lake. Hakulipata. Mtoto ananisitiri, aliwaza, na aibu na nafuu zikamjaa moyoni kwa pamoja. Tangu siku hiyo hawakulizungumzia.

Sasa Njiru alikuwa anafunika kalamu. Bi. Gladwell alikuwa ameanza kusema kwamba shule inamtakia mtoto uponyaji wa haraka, ila uongo kuhusu walimu ni jambo zito, na litabidi liandikwe kwenye faili yake. Winrose angetoka pale akiitwa mwongo, amevunjwa mguu na kuchafuliwa jina. Cicily akapiga moyo konde, akasimama.

"Mimi niliona," alisema.

"Mama, keti," Winrose akamwambia upesi, kwa Kimeru. "Mama, tafadhali."

Lakini Cicily alidhani mtoto bado anamfichia aibu, na hiyo ndiyo iliyompa nguvu. Alimwaga yote: pikipiki ya kila Ijumaa, mukima, mstari wa wasichana, arobaini na mbili, skrubu, arobaini na tatu. Bi. Gladwell alivua miwani. Kailemia aliweka kikombe mezani na chai ikamwagika kwenye kisahani, na kwa mara ya kwanza Cicily aliona hofu usoni pake. Yamekwisha, akawaza. Wataniona mama mbaya, lakini watamwamini mtoto wangu.

Njiru alifungua kalamu tena.

"Ulikuwa hapo mwenyewe?"

"Nilikuwa."

"Mizani ni wewe ulimpa mwalimu?"

"Ni mimi."

"Siku hiyo ulimkataza?"

"Sikumkataza."

"Ulimsaidia hata kurekebisha."

"Ndiyo."

Njiru akaandika, akaandika tena, kisha akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Basi hii kesi imekuwa tofauti," alisema. "Hapa tuko na mzazi alijua, akaona, akashiriki. Hiyo ni consent, mzazi aliridhia. Siwezi kupeleka mwalimu mbele kwa kitu alifanya pamoja na mzazi."

"Ni kweli tulikuwa tunashirikiana," Kailemia akasema, kikombe kimesharudi mkononi. "Mama Winrose amekuwa mzazi wa kusaidia sana. Ile siku nilikuwa nimeisahau tu."

Nusu saa haikuwa imepita tangu aseme hajawahi kupima mwanafunzi. Pale mezani hakuna aliyemkumbusha. Njiru alikuwa anapanga karatasi zake, na Bi. Gladwell, ambaye rangi ilikuwa imemrudia usoni, alipendekeza wafunge kwa maombi. Kailemia ndiye aliyeombwa aongoze. Aliomba vizuri, akamtaja Winrose kwa jina, akamwombea mguu wake.

Nje, Winrose alitangulia na magongo yake kwenye veranda. Cicily alimkimbilia, akamshika kiwiko.

"Nilitaka wakuamini, mwanangu."

"Wamekuamini wewe."

"Nimesema ukweli tu."

"Najua, mama." Winrose hakuwa analia, na hilo lilimtisha Cicily kuliko machozi. "Nesi aliniuliza kama kuna mzazi alikuwa anajua. Akasema wakisikia mzazi alikuwepo, watamlaumu huyo mzazi, na mwalimu aende zake. Ndiyo maana sikukuandika."

Cicily alisimama. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? Ningekuambia kwamba naikumbuka ile Ijumaa?"

Mbele yao kulikuwa na ngazi tatu za kushuka uwanjani. Cicily alinyoosha mikono amsaidie. Winrose akasema wacha, akaegemeza magongo ukingoni, akaketi sakafuni na sare yake ya shule, akaanza kushuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, plasta ikitangulia.