Kiti Ambacho Hakimu Hakukikalia

Siku ya kesi, Meneja aliamka akiomba mvua. Si rasharasha, bali ile ya kufunga barabara, ili mahakama isifunguliwe na dada yake abaki nyumbani. Mbingu zilikuwa nyeupe pee. Jua likachomoza kama kawaida yake, halina habari na aibu za watu.

Dada yake alikuwa karakanani tayari, amevaa gauni lake la kwendea harusini, anakifuta kiti. Mtaa mzima ulimwita Mama Springi, kwa kuwa hakuna kiti kilichotoka mikononi mwake kabla yeye mwenyewe hajakikalia, macho kafumba, akizisikiliza springi. "Sikio langu liko huku chini," alikuwa akisema, na wateja wakavunjika mbavu. Hiki alikibuni kwa ajili ya mama yao, aliyeteswa na mgongo mpaka akawa hakai popote. Alikipinda kidogo pale kiunoni, na marehemu akamalizia miaka yake humo bila kulalamika. Sasa mnunuzi wao mkubwa, aliyekuwa akiviuza viti hivyo kwa mahoteli, alikuwa amefungua kiwanda chake, kakiiga kile kile, na anatangaza kwamba ni ubunifu wake; ndipo wakamshtaki.

"Mimi nataka kitu kimoja tu," dada alisema. "Hakimu akae kwenye changu, kisha akae kwenye chake. Kiuno chake kitatoa hukumu."

"Ndiyo, dada," alijibu Meneja, jina alilopewa kwa kushika mikataba ya karakana, akitazama viatu vyake.

Alijua kwamba hakimu hatakaa. Wakili wao alikuwa amempigia simu tangu juzi: mkataba unasema ugomvi wowote ukaamuliwe na wasuluhishi wa mji fulani wa ng'ambo, kule kule kampuni yao ilikoandikishwa. Mahakama ya hapa ingewarudisha tu. "Mwambie dada yako mapema," wakili alisisitiza, na Meneja akaitikia. Tangu hapo alikuwa amefungua kinywa mara chungu nzima, na kila mara zikatoka habari za bei ya mbao.

Na mji huo aliuchagua nani? Yeye, si mwingine. Walipokuwa wanaanza kazi na mnunuzi, alialikwa chakula cha mchana hotelini, na mgeni mmoja mwenye tai akamuuliza, kwa adabu tu, kampuni yao imeandikishwa wapi. Meneja akaiona karakana kichwani: bati lenye kutu, mtaro ulio mbele ya mlango, fundi baiskeli wa jirani anayepiga mluzi kutwa nzima. Jibu lilikuwa jepesi, kwamba bado, na wakiandikisha itakuwa hapa hapa. Akaliacha. Akautaja mji wa ng'ambo aliousikia pale pale mezani. Kisha, badala ya kuumeza uongo wake, akaugeuza kuwa kweli: akatafuta wakala, akaandikisha kampuni huko, na mkataba ulipoandikwa akapendekeza kwa mdomo wake mwenyewe kwamba kesi nazo ziende huko. Mnunuzi alikubali upesi mno. Mwenye akili angeshtuka, lakini Meneja alikuwa anarekebisha tai.

Kabla ya kutia saini, dada aliuliza swali moja. "Tukigombana na mtu, tutasikilizwa wapi?"

"Wanakosikilizwa wakubwa, dada. Na nani agombane nasi?"

Akatia saini. Yeye ndiye aliyembeba kijana huyu mgongoni tangu yuko kwenye nepi; angemshuku vipi?

Mahakama ilikuwa nyuma tu ya soko. Dada alikataa gari, akihofia kiti kisikwaruzwe, wakakibeba wawili, kila mmoja upande wake. Watu walitoka milangoni.

"Mama Springi!" alipaza sauti fundi baiskeli. "Mkalishe hakimu mpaka asinzie!"

"Akisinzia nimeshinda!"

Kwenye kona wakakitua ili wapumzike. Dada akamtazama mdogo wake. "Mbona jasho linakutiririka hivyo? Kiti chenyewe chepesi."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. "Joto, dada," alisema mjinga yule, na wakakiinua tena.

Mambo ya ndani hayakuchukua muda. Wakili wa mnunuzi alisimama, akasoma kifungu, akaketi. Hakimu alivua miwani.

"Mahali penyewe hapana ubaya," alisema. "Wapo wanaopachagua kwa hesabu zao, na pakawafaa. Nyinyi mlipachagua kwa sababu gani?"

Wakili wao akageuka kumtazama Meneja. Meneja akasimama. "Pana... pana sifa, mheshimiwa."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Hakimu akasema mkataba ni mkataba, waende pale walipopachagua wenyewe. Dada akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mheshimiwa, kiti kiko hapo nje ya mlango. Ungekaa kidogo tu."

"Siwezi, mama," alisema hakimu kwa upole. Laiti angefoka. Upole ule ndio uliomchoma Meneja mpaka kwenye mifupa.

Ukumbini, dada alikaa kwenye kiti chake mwenyewe. Wakili alimweleza habari za nauli za ndege, mawakili wa kule na ada za wasuluhishi, kisha akaaga. Dada alielewa: hawakuwa na ubavu huo.

"Ulijua lini?"

"Juzi."

"Ukaniacha nivae gauni hili." Akalikung'uta magotini. "Kwa nini ulipachagua mahali pale?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya mtaa, dada. Ya karakana."

"Na yangu?"

Meneja alitaka kusema hapana. Akashika upande wake wa kiti, na dada akainuka bila kungoja zaidi.

Walirudi kwa njia ile ile, kiti kati yao. Mtaani kwao mtu akitoka kwenye shauri hapiti kimya. Huulizwa mlango kwa mlango, na hujibu. Fundi baiskeli aliacha mluzi.

"Haya, hakimu alikaa?"

Dada akatua upande wake. "Muulizeni Meneja."

Watu wakamgeukia. Meneja alitafuta maneno ya hotelini, asiyapate. "Hakukaa," alisema. "Kesi haisikilizwi hapa. Mimi ndiye niliyesema hapa hapafai."

Hakuna aliyemzomea. Fundi baiskeli alifuta mikono yenye grisi kwenye suruali, akakizunguka kiti. "Basi nikae mimi, Mama Springi?"

Akakaa, akafumba macho kama afanyavyo mwenye kiti. "Hiki ni chako," alisema. "Hata gizani ningekijua."

Akafuata mshona viatu, kisha jirani mwenye mimba, kisha mzee wa duka la misumari aliyekaa kwa shida na hakutaka kuinuka tena. Kila mmoja akatoa hukumu yake kwa sauti, na dada akasimama pembeni na gauni lake la harusini, akilia na kucheka.

Walipokwisha wote, akamgeukia mdogo wake. "Kaa na wewe."

"Dada, mimi..."

"Kaa."

Akakaa. Kiti kikampokea kiunoni pale pale kilipompokea mama yao, na Meneja akainamisha kichwa mbele ya mtaa mzima, akashindwa kuinua uso.