Springi za Safari ya Mama

Rhoda Pruitt alikuwa na mikono ya fundi. Mdogo wake, Garland, alijaliwa mdomo wa asali. Mama yao alipofariki aliwaachia wote wawili gari lake kubwa la kulala safarini, na wasia mmoja: achomwe, majivu yake yakamwagwe katika ziwa la jimbo la Minnesota alikozaliwa. "Mwende pamoja," alisisitiza.

Shida ilikuwa gari lenyewe. Nyuma lilikuwa limelala kama punda aliyezidishiwa mzigo, na upepo wa Kansas ukilipiga ubavuni liliyumba mpaka sahani zikalia kabatini.

"Dada, mambo haya unayajua wewe," Garland alisema. "Tafuta springi za hewa za kulisaidia. Ila zisitutoe roho kuzifunga."

Rhoda akajitosa. Zilizotaka chesi, ile fremu ya chuma chini ya gari, itobolewe akaziacha. Zilizokuja na kompresa ya kujazia upepo na nyaya chungu nzima akaziacha pia. Mwishowe alichagua mifuko ya mpira mgumu inayokaa kati ya ekseli na chesi, ikishikwa kwa vibano na boliti, na kujazwa upepo kwenye vali kama tairi. Hata magurudumu hayakuhitaji kufunguliwa.

Walizifunga Jumamosi uani kwake, Rhoda akiwa chali chini ya gari, Garland akimpitishia spana na utani.

"Mama angekuona hapo angesema hatimaye umepata bwana."

"Na huyu hasemi ovyo. Lete hiyo ndogo, we mvivu!"

Walipojaza upepo, gari likanyanyuka taratibu, likasimama sawasawa. Garland alipiga makofi.

"Ngoja nilijaribu barabarani. Nampakia na mama, naye aonje." Akaingia ndani, akatoka amekumbatia chombo cha majivu.

Rhoda alicheka, akaenda kukaanga kuku.

Kuku akapoa. Rhoda alipiga simu, haikupokelewa. Akawaza ajali, akawaza mtaro, akaanza kutafuta funguo za gari lake dogo. Ndipo simu ikalia.

"Dada, usikasirike. Tumeshaingia Iowa, njiani kwenda ziwani. Niko na Charlene."

Charlene alikuwa mkewe. Yeye na Rhoda walikuwa hawaivi chungu kimoja tangu siku ya harusi.

"Alisema ukienda wewe, yeye haendi. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa kufunga springi."

 Mikono ya Rhoda bado ilinuka grisi.

Asubuhi yake Garland akapiga tena, sauti imenywea. Gari lilikuwa limeinama upande mmoja. Rhoda alitamani kumkatia simu, aache lipinduke. Lakini mama yao alikuwamo humo.

"Paka maji ya sabuni pale vali inapoingia kwenye mfuko. Pakitoa povu, kaza. Kisha jaza pande zote mbili sawa."

"Mungu akubariki, dada. Najua una moyo..."

"Sikukufanyia wewe." Akakata.

Hawakusemezana tena hadi sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, Garland alipobisha hodi na pai ya malenge mkononi. Rhoda alisimama mlangoni, asimkaribishe.

"Maji yalikuwa ya baridi?" aliuliza.

"Maji gani?"

"Ya ziwa, ulipommwaga mama."

Garland akatazama viatu vyake. "Sijui. Alimwaga Charlene. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuegesha."

Rhoda alimtazama kama anayejaribu kumkumbuka mtu. Kisha akafunga mlango, akasikia pai ikiwekwa taratibu kwenye ngazi.