Makobe wa Edah Waliopakwa Mafuta

Naapa kwa magoti yangu yote mawili, hata hili bovu: haya yalitokea hapa Wheaton, huku ughaibuni, ghorofa ya tatu, na sijaongeza hata punje ya chumvi.

Jirani yangu Edah, nesi kutoka Meru, alikuwa na makobe wachanga watatu, kila mmoja mdogo kama kizibo cha soda. Mwezi wa kwanza akaenda nyumbani wiki nane kumuuguza mama yake, akaniachia ufunguo.

"Mzee Respicius, gamba la utotoni likiharibika halirudi. Puliza maji asubuhi na jioni, udongo wao usikauke. Na unga wa kalsiamu kwenye chakula. Umeshika?"

"Binti yangu, mimi kule Bukoba nilifuga mamba. Alikuwa akinifungulia mlango."

"Wacha uongo. Puliza maji tu."

Siku ya kwanza nikapuliza. Siku ya pili nikawatazama: nje theluji, na vichanga wamelazwa kwenye tope! Kwetu ukilaza mtoto kwenye maji unamtafutia nimonia. Nikamwaga udongo, nikatandika taulo kavu kando ya hita. Kila asubuhi nikawaogesha, nikawafuta, nikawapaka mafuta ya nazi mpaka wakang'aa. Kilichobaki ni kuwavisha soksi tu.

Edah aliporudi hata koti hakuvua. Akamnyanyua mmoja, akapitisha kidole gumba mgongoni. Kila kigae cha gamba kilikuwa kimeanza kuinuka kama kilima.

"Mzee. Hizi nundu ni za nini?"

"Wamenenepa kwa raha."

"Na hii harufu ya nazi?"

"Kindi. Aliingia dirishani akawapaka mmoja mmoja. Nilimkimbiza na ufagio mpaka kituo cha treni ya Metro."

"Kindi alitoa wapi mafuta ya nazi?"

"Sikuwahi kumuuliza, alikuwa na mbio sana."

Hakucheka. Akaishika ile taulo, ngumu kama mkate wa juzi. "Nilikuamini, Mzee. Wangeendelea kukauka hivi, wangekua na migongo ya mawe maisha yao yote."

Nikatazama viatu vyangu. "Niliogopa watashikwa na baridi," nikasema. "Ni mimi niliyewapaka."

Akaitupa ile taulo pembeni. "Basi faini. Kila siku kabla ya chai yako unakuja hapa kupuliza maji, mpaka nione gamba jipya limekua laini. Na hadithi unaziacha mlangoni."

Hii ni wiki ya kumi na moja nalipa. Nundu za zamani hazijashuka, wala hazitashuka. Lakini pembeni mwa kila kigae pameota ukingo mpya, mwembamba, bapa. Jana nikamwita Edah auone. Akainama na miwani yake, akatazama kobe wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akaichukua chupa yangu ya kupulizia, iliyokwisha maji, akaijaza bombani, akanirudishia.