Faili ya Maji ya Mutindi

Mutindi alikuwa na mume asiyeweza kujigeuza kitandani, na alikuwa na maji siku mbili tu kwa wiki. Taabu yake yote ilianzia hapo.

Mume huyo, Nzomo, alimwacha zamani, wakati wote wawili bado wana meno, akaenda kukaa na mwanamke mwingine Emali miaka kumi na minane. Kiharusi kilipompiga, yule wa Emali alimpakia kwenye pikapu ya makaa akamrudisha Kanyangi kama gunia lililokataliwa sokoni. Mutindi akampokea. Watu walicheka mpaka wakachoka.

"Wenzako wamekula nyama huko, wewe umeletewa mifupa," Kavindu alimwambia. Kavindu alikuwa mke wa ndugu yake Nzomo, na mdomo wake haukuwa na mlango.

Mutindi alijiwekea neno moja: mtu huyu hatanuka. Kila asubuhi alimwosha, akafua matambara yake, akamgeuza ubavu mwingine. Washirika wa kanisa walipokuja kumwombea kila Alhamisi, walikaa ndani, kando ya kitanda, wakanywa chai humo humo na hakuna aliyekunja pua. Mchungaji alimsifu mbele ya watu kwa jambo hilo. Hicho ndicho kilikuwa cheo chake, na hakuwa na kingine.

Lakini kazi hiyo ilitaka mitungi mitatu kwa siku. Maji yalitoka kwenye bwawa la mchanga, ukuta wa mawe uliojengwa katikati ya mto mkavu ili mchanga ushike mvua. Ukuta ulijengwa na mwethya, kile kikundi cha wanawake cha kufanya kazi kwa zamu. Wanawake arobaini walibeba mawe kwa vichwa, na aliyekosa siku yake bila kufiwa alilipa kuku. Mutindi hakuwahi kulipa hata unyoya. Baadaye kaunti ikaja, ikafunga pampu ya sola, tangi na kibanda, ikakataza watu kufukua mchanga, na ufunguo akapewa Mwangangi, mtu wa hapo hapo kijijini. Mwezi wa kwanza Mwangangi alifungua kila siku. Kisha siku nne. Kisha Jumanne na Ijumaa.

"Mwangangi, baba, mimi niko na mgonjwa," Mutindi alimwambia.

"Kila mtu ako na mgonjwa, mama. Mimi mwenyewe niko na mgongo."

Wanawake wote walinung'unika, lakini walinung'unikia huko njiani, mitungi ikiwa mgongoni. Mutindi peke yake alisikia redioni kwamba kaunti imeweka Mtetezi wa Wananchi, mtu wa kupokea malalamiko, na kwamba anapita kwa chifu mara moja kwa mwezi. Akaenda.

Mtetezi alikuwa Gichuru, mwanamume mrefu mwenye asili ya Murang'a, adabu nyingi, kalamu tatu mfukoni. Tatizo ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya Mutindi angemjua mara moja na kwenda zake. Huyu alimpa kiti, akamnunulia soda, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa susu, wataka nini hasa?" aliuliza, akimwita nyanya kwa Kikamba.

"Huyo mtu afungue maji kila siku."

"Nani mwingine analalamika?"

"Wote."

"Wamekuja kwangu?"

"Kwako, hapana."

"Basi ni wewe," Gichuru alisema, na akaandika jina moja. Mutindi akaweka kidole gumba.

Gichuru alitimiza neno. Wiki ya tatu alifika bwawani na mhandisi na karani wa kaunti, watu wakajaa. Akamuuliza Mwangangi ni nani alimpa kazi.

"Niliambiwa tu, mkubwa. Kwa mdomo."

"Barua huna?"

"Barua ya kushika ufunguo?"

Gichuru akaandika. Akageukia pampu. "Kibali cha kuchota maji kiko wapi?" Karani akamtazama mhandisi, mhandisi akatazama mlima. "Maji yalipimwa lini? Na hili bwawa liko kwa shamba la nani, hati iko wapi?"

"Hati ni hii migongo yetu!" Kavindu alipiga kelele, na watu wakaangua kicheko. Hata Gichuru alicheka. Kisha akaandika na hilo.

Alipomaliza alisimama juu ya jiwe. Alisema mlalamishi alikuwa na haki kabisa. Mwangangi hakuajiriwa na mtu yeyote, basi anaondoka leo. Na pampu, kwa kuwa haina kibali wala kipimo, haitawashwa hadi ipate vyote viwili, na hakuna atakayegusa mchanga wa ukuta huo kabla ya hapo. Mhandisi akafunga mlango wa kibanda kwa waya na lakiri, akauvuta mara mbili kuona kama umeshika.

Hakuna aliyecheka tena.

"Mtoto wangu," Mutindi alisema, "na maji?"

"Maji ni jambo lingine, susu. Ulimlalamikia Mwangangi. Mwangangi ameondoka."

"Basi sasa nalalamikia maji."

Gichuru akakwaruza shingo. Ofisi yake ilikuwa na utaratibu, na yeye aliupenda utaratibu kama wengine wanavyopenda pombe. "Mtu mmoja hawezi kuwa na faili mbili wazi. Lazima tufunge hii kwanza. Unaweka kidole hapa kwamba umeridhika, halafu nakufungulia nyingine."

"Utafungua kweli?"

"Hapa hapa. Mbele yako."

Akaweka kidole. Na Gichuru, tusimwonee, aliifungua ile ya pili kabla wino haujakauka, akaituma mjini. Jibu lilirudi baada ya siku tisa. Lilisema jambo la bwawa hilo limekwisha kuamuliwa, mlalamishi mwenyewe amekiri kuridhika, na jambo lililoridhiwa halifufuliwi. Gichuru alilisoma mara mbili. Alitaka kumpigia simu yule mama, akakumbuka kwamba hana simu, akaendelea na faili nyingine. Kulikuwa na nyingi.

Ofisi ilipenda watu wajue kazi yake. Kwa hiyo ile karatasi ya kwanza ilibandikwa ukutani kwa chifu, na Muthama, karani wa chifu, akawasomea wanawake kwa Kikamba, polepole, akifuata mstari kwa kidole: lalamiko limetatuliwa, pampu imefungwa, mlalamishi Mutindi Nzomo ameridhika. Chini yake kulikuwa na gumba jeusi.

"Ameridhika," Kavindu alirudia. "Sikieni. Sisi tumekauka, yeye ameridhika."

Mwethya ilikutana siku hiyo hiyo. Wakakata neno: watafukua visima vya mchanga kule juu, mwendo wa saa moja, na kila mwanamke atakuwa na zamu yake. Wakahesabu zamu. Zilikuwa thelathini na tisa.

"Mmenisahau," Mutindi alisema.

"Hatujakusahau," Kavindu alimjibu. "Wewe umetukosea. Utalipa mbuzi."

Mutindi alikuwa na mbuzi mmoja, jike, mwenye mimba. Alimvuta kwa kamba siku iliyofuata asubuhi hadi kule juu kwenye visima. Wanawake wakamchinja pale pale mchangani, wakawasha moto, wakala. Walimpa na yeye kipande, akakila, maana kukataa nyama ya upatanisho ni kurudisha ugomvi. Walipomaliza kufuta mikono alichukua mtungi wake akaupeleka kwenye foleni.

Kavindu aliusukuma kando kwa mguu. "Unaenda wapi na hicho?"

"Si nimelipa?"

"Umelipa kosa, na kosa limekwisha, hakuna mtu hapa anakuchukia. Lakini zamu hatukukuahidi. Nani alisema zamu?" Akawatazama wenzake. "Mlimsikia mtu akisema zamu?"

Wakaitazama mitungi yao. Mmoja alikuwa bado anafyonza mfupa.

"Kavindu, nitamwosha na nini huyo mtu? Ni shemeji yako."

"Ulipewa karatasi kwa chifu. Mwoshe na hiyo."

Kicheko kikapita kwenye foleni, mtungi hadi mtungi. Mutindi akainua wake, mtupu, akaenda zake.

Kuanzia hapo alitafuta maji mbali, ng'ambo ya barabara kuu, kwa watu wasiomjua. Aliondoka alfajiri akarudi jua likiwa limepita utosi, na mtungi mmoja. Ya kunywa, ya kupika, na yaliyobaki, kama yalibaki, ya Nzomo. Wiki ya kwanza alimpangusa kwa tambara lenye unyevu. Wiki ya pili kwa tambara kavu. Wiki ya tatu alitumia majivu, na ngozi ya Nzomo ikaanza kufunguka kiunoni, pahali mtu anapolalia. Nzi wakaijua njia ya nyumba ile.

"Unaniacha nioze," Nzomo alisema. "Unalipiza ya Emali."

"Nyamaza."

"Yule wa Emali alikuwa akiniosha."

Huo ulikuwa uongo mtupu, na Mutindi alijua ni uongo. Alimgeuza upande wa pili.

Alhamisi washirika walikuja, kumi na wawili, Biblia kwapani. Mutindi alikuwa ameweka viti kuzunguka kitanda tangu asubuhi, na alikuwa amechoma majani ya mwarobaini kila pembe ili kuua harufu. Mchungaji alitangulia hadi kizingitini. Akasimama hapo, akameza mate, akarudi hatua moja nyuma.

"Leo tuombee nje, mama," alisema. "Kuna hewa nzuri huku."

Wakajipanga uani, mbali na mlango, karibu na zizi tupu la mbuzi. Kavindu, aliyekuwa mwimbishaji, aliweka kitambaa puani, akakiondoa ili aanzishe wimbo, akakirudisha. Wakaimba beti zote, bila haraka, kama watu wema.

Ndani Nzomo aligeuza macho kuelekea mlangoni.

"Ni washirika?"

"Ni wao."

"Waambie waingie."

Mutindi aliketi kwenye kimoja cha vile viti kumi na viwili, akamfukuzia nzi usoni.

"Wako hapa," alisema. "Wamejaa."

"Mbona naskia sauti zao mbali?"

"Masikio yako yameharibika," Mutindi alimwambia. "Lala."